Waliokuwa Ziwani Mikono Ilipoinuliwa

Kuna asubuhi moja ya Kalemie, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapolala ugenini, na mimi nimelala ugenini sana. Nimekaa Uvira, nikakaa Bujumbura, nikashuka mpaka Mpulungu, nikapanda tena Kolwezi kutafuta kazi, na popote nilipoweka begi langu sikukaa muda wa kutosha kuona mpapai niliopanda ukizaa. Usinicheke kwamba mtu wa miaka arobaini na kitu anajiita mzee. Anayehamahama huzeeka mapema, na neno ninalotaka kukuachia sikulitunga mimi. Nilipewa.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunarudi kutoka kambi ya uvuvi, mimi na kaka yangu Mutoka. Nchi bado ilikuwa inaitwa Zaire. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi sina, na kaka alinichukua kwenye boti yake ili nisizunguke mjini bure. Tulikuwa tumekaa upande wa kusini, kuelekea Moba, tukivua ndakala, wale samaki wadogo ambao jirani zetu wa Kigoma wanawaita dagaa. Magunia yalikuwa yamejaa na sisi tulikuwa na furaha ya watu wanaorudi nyumbani na kitu.

Kwa kawaida boti ikikaribia mahali mto Lukuga unapotokea ziwani, akina mama wa soko wanashindana kuifikia, kila mmoja akiita jina la mvuvi wake. Siku hiyo walisimama mchangani, mikono wameikunja kifuani. Mmoja wao, Mama Feza, aliyekuwa akinunua samaki wetu tangu mimi ni mdogo, akamwambia kaka yangu:

"Karibuni, wageni. Mumekuja na pasipoti?"

Wenzake wakacheka. Mutoka naye akacheka, akidhani ni utani wa kila siku.

"Pasipoti ya nini, Mama Feza? Niko nyumbani."

"Nyumbani kwako ni Kigoma. Samaki wako wote wanalala kule. Sasa tumeamua, ziwa linafungwa. Njo vile, ndivyo wananchi wamesema."

Kumbe hakuwa anatania. Serikali ilikuwa inatayarisha sheria ya mipaka kwa nchi nzima, na kila zone, yaani kila wilaya, ilitakiwa kupeleka mjumbe mmoja Lubumbashi, akaseme mbele ya tume watu wake wanataka nini: wananchi wa mipakani waendelee kuvuka na kuuza ng'ambo, au biashara hiyo ipigwe marufuku. Kwa watu wengine mpaka ni njia ya vumbi au mto mdogo. Kwetu mpaka ni maji. Kufunga mpaka ni kufunga ziwa. Basi komiseri, mkuu wa zone yetu, akaita mkutano katika uwanja wa shule, ili watu waamue wenyewe kwa kuinua mikono. Wakaamua. Sisi tulikuwa kambini.

Sasa lazima nikueleze jambo ambalo Kalemie hakuna anayelieleza, maana kila mtu amezaliwa nalo. Ndakala wanavuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaifuati taa, basi wavuvi wote wanarudi mjini, wanatandaza nyavu, wanashona zilizopasuka. Kwa hiyo kwetu harusi inangojea mwezi. Kumaliza matanga kunangojea mwezi. Kesi ya shamba, hata kikao cha kumkalisha kijana aliyempa mimba binti wa watu, vyote vinangojea mwezi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Komiseri alikuwa mtu wa mbali, kwao ni msitu, naye alipanga mkutano kwa kalenda ya ofisi yake. Waliojua walinyamaza. Wengine walinyamaza kwa sababu hawakufikiri, na wengine, Mama Feza alikiri baadaye huku akicheka, walinyamaza kwa sababu walifikiri vizuri sana.

Nisiwaonee lakini. Aliyesimama kuwasemea waliotaka kufunga alikuwa Papa Ngoie, mtu wa reli, na hakusema uongo. Alisema mishahara inachelewa, na ikija, pesa yenyewe imeshapoteza nguvu. Alisema samaki wa ziwa letu wanapita mbele ya macho yetu kwenda kulisha watu wengine, na watoto wa kambi ya reli wanakula sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo, wakati harufu ya ziwa iko dirishani. Ungekuwa pale ungeinua mkono, mwanangu. Mimi mwenyewe ningeinua.

Kaka yangu hakuuliza habari ya bei wala ya nyavu. Aliuliza jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Siwema atarudi namna gani?"

Siwema alikuwa mke wake, mzaliwa wa Kigoma. Alikuwa amekwenda kwa mama yake kuzaa mtoto wa kwanza, kama wanawake wanavyofanya. Habari ilishatufikia kwa watu wa boti kwamba amejifungua mtoto wa kike, na wote wawili ni wazima. Akimaliza arobaini yake Mutoka angekwenda kuwachukua. Hakuwa ameiona hata sura ya mtoto. Ziwa likifungwa, boti kama yetu zisingeruhusiwa kuvuka, na mwanamke mwenye kitoto mgongoni angehitaji karatasi za ofisi mbili za nchi mbili. Miaka ile karatasi ya ofisi moja tu ilitosha kumzeesha mtu. Katika uwanja wa shule hakuna aliyemchukia Siwema. Hakuna aliyemkumbuka tu.

Tuliwaachia vijana wa boti magunia, tukaenda moja kwa moja kwa mjumbe.

Mjumbe wetu alikuwa Mama Zainabu, mjane wa ukoo wa wale Waislamu waliokuja zamani na biashara ya ziwa, mwenye duka la vitenge na chumvi. Mji ulimchagua kabla ya mambo haya, wakati wa mwezi, watu wote wakiwapo. Hawakumchagua kwa Kifaransa chake, maana kilikuwa cha kuombea chumvi mezani. Walimchagua kwa sababu aliamua magomvi mengi ya ufukoni, na aliyeshindwa kwake aliondoka amenuna lakini kesho yake alirudi kununua chumvi pale pale. Tulimkuta amekaa kibarazani anapepeta mchele.

"Mama," kaka akasema, "ni kweli?"

"Njo kweli. Mikono ilikuwa mingi."

"Na wewe utapeleka hivyo hivyo?"

Akapepeta kwanza, akatoa chenga, akatupia kuku. "Nilisimama pale mbele nikawatazama watu. Nikatafuta uso wa mvuvi hata mmoja. Nikasema, hii ni Kalemie gani isiyokuwa na watu wa maji? Mwezi unatoka lini?"

"Unakaribia. Kambi zitaanza kurudi."

"Nitangoja."

Akangoja. Treni ya Lubumbashi ikaondoka bila yeye, na mji ukaanza kusema. Walisema amehongwa na wavuvi. Walisema ana ndugu Kigoma, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini nani kwetu hana? Papa Ngoie akaenda kwake na watu nyuma yake, nasi tukawafuata kusikiliza.

"Mama, wananchi wamesema. Wewe ni nani hata ukalie neno la wananchi?"

"Papa Ngoie, nyumbani kwako mama watoto akipakua nyama, na mutoto mmoja ametumwa kuteka maji, munasema waliopo wamekula, basi?"

"Huyo akirudi anakuta fungu lake."

"Haya. Mimi natunza fungu."

Watu wakacheka, na Papa Ngoie naye kidogo, maana alikuwa mtu wa haki. Lakini alipoondoka alisema wazi kwamba Mama akikosa na treni inayofuata, watatafuta mjumbe mwingine. Hakutisha bure. Watu walikuwa naye.

Siku hizo kaka yangu alikuwa mtu wa kusikitisha. Alishona wavu mahali ambapo haukupasuka. Alizungumza habari ya kuvuka haraka akamchukue mkewe kabla ya sheria, kisha akasema mtoto bado mchanga mno kwa upepo wa ziwa, kisha akasema atavuka hivyo hivyo. Ukimwambia ale, anasema ameshakula.

Mwezi ukakua. Boti zikaanza kuingia kutoka kambi zote, na ufuko ukajaa nyavu mpaka mtu akakosa pa kuweka mguu. Alasiri moja tukakusanyika hapo hapo kati ya nyavu, na nakuambia tulikuwa wengi kuliko waliokuwa kwenye uwanja wa shule. Mama Zainabu alikuja, na alikuja na Mama Feza na Papa Ngoie, ambao walipigiwa miluzi tangu walipotokea mpaka walipokaa.

Mutoka akapanda juu ya boti yetu. Sikujua kama kaka yangu anaweza kuhutubia.

"Leo sisi ndio wengi," akasema. "Walituamulia tukiwa ziwani. Sasa tuinue mikono: ziwa wazi, boti iende inakotaka, samaki auzwe anakotaka mwenye samaki. Na wananchi wawe wameamua."

Mikono ikainuka. Mimi niliinua yote miwili, na hakuna aliyenisahihisha. Kelele zilikuwa kubwa mpaka ndege waliokuwa wakidokoa ndakala waliruka. Mama Zainabu alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ametulia.

"Mumemaliza?"

"Tumemaliza. Nenda ukaseme hivyo."

"Sitasema hivyo pia."

Hapo miluzi ikamgeukia yeye. Mvuvi mmoja mzee, Papa Lumona, ambaye hata msibani hakuweza kuacha mzaha, akasema, "Mama, hebu tueleze. Sisi tunakutuma au tunakuposa?"

Katika kicheko hicho mimi nikaona ni zamu yangu. Nilikuwa na sekondari yangu, na mwaka ule sikuwa nimepata mahali pa kuitumia. Nikasimama nikasema kwamba shuleni tulisoma habari za miji ya kale ambako hapakuwa na mjumbe. Raia wote walikutana uwanjani na kuamua sheria wenyewe, vita wenyewe, kodi wenyewe. Nikasema huo ndio uhuru kamili, na mjumbe ni mtu anayesimama kati ya wananchi na neno lao. Nilisema vizuri, nadhani. Wavuvi walipiga makofi.

Mama Zainabu alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikata. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Na hao watu wako wakiwa uwanjani, mashambani alibaki nani? Jikoni alibaki nani?"

Nikakumbuka jinsi mwalimu alivyotufundisha, kwamba wanawake hawakuingia, wala watumwa, wala wageni. Nikasema hivyo. Sikuona sababu ya kuficha.

"Basi hawakuwa wote," akasema. "Walikuwa waliokuwa na nafasi." Halafu akainuka, na alipoinuka wote tukanyamaza, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo, na ukitaka kumsikia ilikubidi unyamaze. "Sikieni, wanangu. Wale wa shule walikuwa wengi na hawakutaka kuwasikia ninyi. Leo ninyi muko wengi na hamutaki kuwasikia wao. Nikipanda treni na mikono yao, nimewaacha ninyi ziwani. Nikipanda na mikono yenu, nimewaacha watoto wa reli na sombe yao. Kama munataka sauti tu, nunueni kaseti, pigeni kelele ndani yake, pelekeni posta. Itasema vile vile mulivyoweka, na ikiulizwa swali itarudia wimbo. Mimi mukinituma, munatuma na kichwa."

Kisha akamgeukia kaka yangu, ambaye bado alikuwa amesimama juu ya boti na hajui aweke wapi mikono.

"Mutoka. Ulikuwa na hasira kwamba Mama Feza hakumfikiri muke wako. Ulikuwa na haki. Leo ulipoinua mkono, wewe ulimfikiri Mama Feza?"

Kaka akashuka. Na kumshusha kaka yangu kutoka mahali alipopanda kwa hasira halikuwa jambo jepesi.

Wakakaa pale pale juu ya nyavu, Mutoka na Papa Lumona kwa upande wa wavuvi, Mama Feza na Papa Ngoie kwa upande wa mji, na Mama Zainabu katikati. Sisi wengine tukazunguka tukasikiliza, na mara kwa mara mtu akatia neno lake. Hapo ndipo Papa Ngoie aliposikia kwamba uzi wa nyavu, utambi wa taa na vipuri vya mota vyote tunavitoa Kigoma, maana kwetu havikupatikana tena, kwa hiyo ziwa likifungwa, samaki hawatabaki Kalemie, watabaki majini. Akasema, "Mbona hamkusema?" Papa Lumona akamjibu, "Tulisema sana, Papa, lakini tulikuwa mbali." Na sisi tukasikia kutoka kwa Mama Feza jinsi inavyokuwa mtu anaposimama ufukoni tangu alfajiri na beseni tupu, akiziona boti za kwao zinapita mbali, zimejaa, hazigeuki hata kumsalimu. Hilo hatukuwa tumelifikiri. Kutoka katikati ya ziwa, mtu wa ufukoni huonekana mdogo.

Jua likielekea kuzama wakapata neno: boti inayotoka kambini ipite kwanza Kalemie, iuzie mji kile mji unachoweza kununua, kisha ikiwa na kilichobaki ivuke. Hakuna aliyeruka kwa furaha. Mutoka alisema ni usumbufu, Mama Feza akasema wavuvi wataficha magunia mazuri chini. Lakini mikono ilipoulizwa tena, safari hii watu wa nchi kavu na watu wa maji wakiwa mahali pamoja, iliinuka polepole na ikawa mingi.

"Mimi nimekubali na nusu ya moyo," Papa Ngoie akasema.

"Nusu inatosha," Mama Zainabu akamwambia. "Nusu ile ingine baki nayo unichunge." Halafu akatuambia sote: "Nitapeleka neno hili. Lakini nikikuta kule jambo ambalo hatukulizungumza, nitaamua kwa akili yangu, na nikirudi nitasimama mbele yenu niseme nilifanya nini na kwa nini. Kama hamukupenda, chagueni muntu mwingine. Ila munitukane mbele, sio nyuma ya nyumba."

Akaondoka na treni iliyofuata.

Kungoja kwa miaka ile hukujui, mwanangu, wewe unayeshika simu. Treni ilisimama Kabalo kadiri ilivyotaka yenyewe. Redio ilipiga muziki, ikasifu viongozi, ikapiga muziki tena, habari ya mipaka haikuitaja. Halafu ukaja uvumi kwamba tume imemaliza, nchi nzima imefungwa. Mtu mmoja aliyetoka Kabalo aliapa kwamba amesikia kwa masikio yake. Kaka yangu akaacha kwenda ziwani. Kila treni ilipotarajiwa alikwenda stesheni mapema, akasimama peke yake mwisho wa jukwaa, na mimi nilisimama mbali kidogo ili asione kwamba namchunga.

Hatimaye treni moja ikaingia na Mama Zainabu akashuka, mtandio umejaa vumbi, miguu imevimba kwa safari. Watu walimzunguka, kila mmoja na swali lake, na Mutoka akabaki nyuma ya wote. Mama akatazama juu ya vichwa vya watu mpaka akamwona. Hakumsalimu hata.

"Mutoka," akasema, "nenda kamuchukue muke wako."

Nimeona watu wakipata pumzi baada ya kuzama, mwanangu. Kaka yangu alivuta pumzi namna ile. Kisha akakaa chini pale pale, suruali yake nzuri kwenye mafuta ya reli, akacheka na machozi yakamtoka, na watu wakampisha, hakuna aliyemtania. Alivuka mara tu upepo uliporuhusu. Aliporudi na Siwema alishuka yeye kwanza, akiwa amembeba binti yake kama mtu anayebeba kioo cha taa juu ya mawe. Mtoto alikuwa amelala. Hakuamka kwa vigelegele wala kwa shangazi zake waliomvuta vidole. Mama yangu, ambaye tangu habari ile ianze hakuwa amelitaja ziwa kwa jina zuri, alikaa juu ya jiwe akasema tu, "Haya. Sasa mutu anaweza kupika."

Mwezi ulipokuwa mkubwa tena, Mama Zainabu alitimiza ahadi. Akasimama ufukoni mbele ya wote. Alieleza kwamba alipoingia kwenye ukumbi wa tume kule Lubumbashi alikuta watu wa mipaka mingine, na wengi wao walitaka kufunga, kwa sababu kwao mahindi yalikuwa yanavuka usiku na nchi inabaki na njaa. Alisema neno letu. Wakamsikiliza. Kisha tume ikamwuliza jambo ambalo hapa hapakuwa na aliyelifikiri: je, watu wa ziwa watakubali kuachiwa ziwa wazi, ikiwa boti zote zitaondokea na kufikia mahali pamoja, mbele ya watu wa forodha?

"Nikatazama mlango," alisema. "Hapakuwa na muntu wa Kalemie wa kumuuliza. Walikuwa wanangoja jibu. Nikawakumbuka ninyi mulivyokaa hapa juu ya nyavu, nikajiuliza mungesema nini mukiwa nami. Nikakubali."

Manung'uniko yakaanza mara moja. Watu wa forodha wa wakati ule tuliwajua, na mifuko yao tuliijua. Kijana mmoja akasema, "Umetuuza, Mama." Akamwambia mbele ya wote, kama mwenyewe alivyotaka.

"Nimekuuzia usumbufu," akamjibu, "nikakununulia ziwa. Kama nilikosea bei, mimi huyu hapa. Chagueni mwingine."

Wakabishana mpaka kivuli cha boti kikafika majini. Waliomtetea walikuwapo na waliomlaumu walikuwapo, naye alijibu kila mmoja, na alipokuwa hana jibu alisema hana. Mwishoni Papa Lumona akasema mjumbe anayerudi kutukanwa ni adimu, tusimpoteze, na watu wakacheka wakatawanyika. Hawakumbadilisha. Na ziwa likabaki wazi, watu wa forodha wakala chochote walichokula, na sisi tukaendelea kuishi.

Sasa nikuambie kwa nini nimekueleza haya yote. Juzi kijana mmoja aliniambia, wewe mzee, siku hizi kila mtu ana simu, basi kila jambo la nchi liulizwe kwetu sote, tubonyeze, tuamue, na wabunge warudi makwao walime. Nilielewa hasira yake. Nimewaona wabunge waliokwenda mji mkuu wakasahau njia ya kurudi mpaka siku ya kuomba kura. Lakini pia nimeishi katika nchi ambapo uwanja mzima ulipiga makofi kuitikia jambo ambalo hakuna aliyelisikia vizuri, na wakatuambia kwamba hiyo ndiyo sauti ya umma. Sitaki uangukie upande wowote kati ya hizo mbili.

Mwanangu, yapo mambo ambayo usikubali mtu yeyote ayaamue badala yako: nani atakutawala, ardhi uliyozaliwa juu yake, kama wanao watapelekwa vitani. Hapo nenda mwenyewe, hata kwa miguu. Lakini kabla hujainua mkono geuka nyuma utazame, uulize nani hayupo na kwa nini hayupo, na kama anaweza kungojewa, mngojee. Siku ukiwa katika walio wengi ndiyo siku ya kujihadhari zaidi, kwa sababu siku hiyo hakuna atakayekuzuia. Na kwa yale mengine ya nchi, ambayo ni mengi na yana mafundo ambayo huyaoni ukiwa kwako, tuma mtu mwenye kichwa. Mwambie neno lako lote, usimfiche hata la aibu. Mwachie nafasi ya kufikiri atakapokuwa peke yake mbele ya swali geni. Halafu mdai arudi asimame mbele yako aseme alilofanya. Asiporudi, huyo hukumtuma, amekwenda kwa shughuli zake, na wewe tafuta mwingine bila kumwonea haya.

Hilo ndilo neno nililopewa ufukoni Kalemie, nikalibeba katika miji yote niliyopita. Limenisaidia katika vyama vya wenye pikipiki, katika vikao vya msiba, hata katika nyumba ya mtu mwenye wake wawili.

Mungu akulindie walio karibu nawe na walio mbali. Akupe masikio ya kumsikia asiyekuwapo. Akupe wajumbe wasiokuonea haya wanapokosa. Na siku watu watakapokutuma wewe, mwanangu, akufungulie njia ya kwenda, akupe na uso wa kurudi.